Krasha Ilinichukua Vidole, Bwana Akaniachia Sauti

Bwana asifiwe, kanisa! Na asifiwe tena, maana kuna wakati nilijua kabisa sitawahi kusimama hapa.

Mimi ni Tabitha, mama wa watoto wawili, wa hapa Mai Mahiu. Wengi mnanijua kwa sababu ya ile kazi yangu ya krasha, pale chini tunaposaga mawe ya ujenzi. Mimi nilikuwa kwenye mkanda unaobeba kokoto, natoa mizizi na takataka. Kifuniko cha ule mkanda kilikuwa kimevunjika. Tulisema, tukasema tena. Supavaiza wetu akawa anajibu tu, "Fundi anakuja. Nyinyi fanyeni kazi."

Siku moja jiwe likakwama. Nikaomba mashine izimwe. Supavaiza akapiga kelele, "Toa tu haraka, lori linangoja!" Nikanyoosha mkono. Ndugu zangu, glavu ilishikwa na mkanda, na mkono wangu wa kulia ukaifuata! Kiprono, kijana anayeendesha mashine, ndiye aliyeizima. Alinifunga kwa shati lake akanipakia kwenye lori hadi hospitali ya Naivasha. Mkono ulibaki na kidole gumba na kidole kidogo tu.

Nikiwa bado kitandani, supavaiza akaja na matunda. Akaketi, akaniambia kwa sauti ya upole, "Tabitha, ukiulizwa, sema ulikuwa unacheza na simu. Nitakutafutia kazi ya kufagia. Ukisema vingine, hakuna kazi."

Nililia! Nyumbani nilikuwa siwezi kumenya waru, hata kiazi kimoja, siwezi kumsuka msichana wangu. Kanisani nikaacha kuja. Na ile kazi ya kufagia nikaanza kuitamani. Nikajiambia, si ni uongo mdogo tu?

Lakini Mungu hana usingizi! Akamtuma Mama Njoki, yule dada yetu wa kwaya aliyekuwa msemaji wa wafanyakazi kule kwenye mashamba ya maua, Kamere. Nikamwambia yote. Alikasirika mpaka akasimama.

"Nani amekwambia fidia ni huruma ya supavaiza?" akaniuliza. "Mtu akiumia kazini, sheria inamjua. Hata kibarua. Mwajiri lazima aripoti. Asiporipoti, wewe nenda mwenyewe."

"Na wakinifukuza?"

"Kwani sasa hivi uko kazini?"

Tukaomba, halafu tukaenda ofisi ya leba, ile ya serikali inayosimamia mambo ya kazi, kule Nakuru. Walinisikiliza, kisha afisa akaja krasha mwenyewe. Wafanyakazi wote wakaitwa. Supavaiza akasema mbele yangu, bila haya, "Huyu mama alikuwa kwenye simu."

Afisa akauliza kama kuna aliyeona. Watu walitazama viatu vyao, na siwalaumu, kila mtu ana watoto. Mimi niliomba moyoni, Yesu, mtu mmoja tu!

Kiprono akatoka mbele. Akasema, "Afisa, simu yake ilikuwa kwangu. Nilikuwa naichaji kwenye kibanda cha mashine. Huyu mama aliomba tuzime, akakataliwa. Na kifuniko kilikuwa kimevunjika."

Haleluya! Baada yake mama mwingine akasema, "Ni kweli." Halafu mwingine. Afisa akaamuru krasha isimame hadi kifuniko kiwekwe. Daktari akanipima upya, na fidia yangu nikalipwa yote. Leo niko na duka la mboga hapa barabarani, na msichana wangu nimejifunza kumsuka upya, polepole.

Sitawaficha, Kiprono aliachishwa kazi. Nilimlilia Mungu kwa ajili yake kuliko nilivyojililia. Sasa anaendesha trekta kule Ndabibi, na kila akipita dukani tunasalimiana kama ndugu wa tumbo moja.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu wangu, namshukuru Mama Njoki, nawashukuru nyinyi mlionipikia nilipokuwa naugua. Na wewe uliyeumia kazini ukaambiwa unyamaze, mwamini huyu Yesu, anasimama na mtu anayesema ukweli! Ibada ikiisha nitakuwa pale mlangoni. Njoo tuombe pamoja, na kesho asubuhi nitakusindikiza Nakuru mwenyewe.