Mzee Dabo na Tairi la Akiba Lililobaki Barazani

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Dabo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi mwashi na mshona nguo. Bibi yetu alikuwa akisimulia kwamba huyu alitambaa mapema kuliko nduguze wote, na kila alipotambaa alielekea kwenye kitu chenye gurudumu.

Alianza shule ya msingi Januari 1965 na kumaliza darasa la saba mwaka 1971. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Kilichompa jina ni mkokoteni. Mama yake alikuwa na mkokoteni wa kubebea maji uliokuwa ukipinduka kila ukifika konani, naye akaufungia magurudumu mawili ya ziada nyuma, aliyoyang'oa kwenye baiskeli ya mtoto wa jirani. Mkokoteni haukupinduka tena. Yeye alichapwa nyumbani, kisha akapelekwa kwa jirani akachapwa na huko, na mpaka uzeeni alikuwa akisisitiza kwamba kazi yenyewe ilikuwa safi.

Mwaka 1973 aliingia gereji kujifunza ufundi, na Februari 1984 alifungua gereji yake pamoja na rafiki yake, fundi wa kuchomelea. Sisi watoto tulimwita rafiki huyo Baba Mdogo. Hakuwa ndugu wa damu, lakini alikula mezani kwetu, alitukemea kama wake, na mimi mwenyewe alinibeba mgongoni nilipoungua mguu.

Kazi yao ilikuwa moja, na kwa hiyo walitafutwa kutoka mbali: kugeuza pikapu. Mwenye gari la tairi mojamoja nyuma, akitaka kubeba mchanga au saruji, Baba alimbadilishia ekseli, akamfungia matairi mbilimbili kila upande, yaani dabo, na Baba Mdogo akatanua madigadi yayafunike. Aliyechoka kununua matairi sita alirudishiwa mojamoja. Swali la kwanza la Baba lilikuwa hilohilo siku zote: "Unabeba nini?" Kuna kijana alimjibu kwamba habebi kitu, anataka tu gari lionekane limejaa nyuma. Baba akamwambia, "Basi kapumzike, mwanangu. Ukipata mzigo utanikuta hapahapa."

Sasa niseme habari ya tairi la akiba, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyofuata. Gurudumu likifungwa upya, hukaa mahali pake baada ya gari kutembea, na nati hulegea kidogo. Lazima zikazwe mara ya pili, kesho yake au keshokutwa. Wateja walikuwa hawarudi. Mteja akishaona gari lake limependeza, nati zinamhusu nini? Kwa hiyo Baba alichukua tairi la akiba la kila gari na kuliweka rehani. "Rudi nikaze, uchukue tairi lako." Walimbembeleza, walimtukana, wengine walimwunganisha kwa simu na wakubwa zao. Aliwasikiliza wote kwa adabu, huku amelikalia tairi. Kwa karibu miaka arobaini hakuna gari lililotoka mikononi mwake na tairi la akiba kabla ya kukazwa mara ya pili. Kila aliyewahi kugeuza gari pale analijua hilo, na wengi wenu mmekaa hapa leo.

Jumamosi ya tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na mama yetu. Gari la maharusi lilikuwa pikapu aliyoigeuza siku mbili kabla, imepambwa kwa maua, ina matairi mbilimbili. Katikati ya safari bwana harusi aligonga dirisha, akamwambia dereva asimame, akavua koti, akashuka na spana. Shangazi aliyekuwa amemshika bibi harusi akapaza sauti, "Wewe! Umekuja kuoa au kukaza nati?" Akajibu kutoka chini ya gari, "Vyote, Shangazi. Hili halichukui muda." Aliyesimama barabarani amemshikia koti lisichafuke alikuwa Baba Mdogo. Picha ipo, imetundikwa sebuleni kwetu. Wote wawili wanacheka. Nimekuwa nikiipita picha hiyo bila kuitazama tangu mwaka jana.

Walijaliwa watoto wanne. Baba alikuwa mpole nyumbani, mkali kwenye kula pamoja, na hodari wa kusinzia katikati ya taarifa ya habari huku akikana kwamba amesinzia.

Mwishoni mwa 2022 moyo ulianza kumsumbua. Miguu ilivimba, pumzi zikawa fupi. Daktari alimwambia apunguze kazi, naye akapunguza kwa namna yake: alikwenda gereji akiwa amechelewa nusu saa. Gari la mwisho alilolimaliza kwa mikono yake, Jumatano tarehe 31 Mei 2023, lilikuwa pikapu ya Baba Mdogo mwenyewe, aliyotaka irudishwe tairi mojamoja. Baba alichukua tairi la akiba kama kawaida. Baba Mdogo akacheka, "Hata mimi?" Baba akamwambia, "Wewe ndiye wa kwanza." Akalivingirisha hadi nyumbani jioni ile na kuliegemeza barazani. Ijumaa, tarehe 2 Juni, alianguka bafuni, tukamkimbiza hospitali.

Gerejini aliacha pikapu moja juu ya jeki, ekseli imeingia, magurudumu bado. Jumatatu Baba Mdogo aliifunga mwenyewe na kuitoa. Alhamisi, tarehe 8 Juni, magurudumu ya nyuma upande wa kushoto yalichomoka kwenye mteremko. Gari lilipinduka na utingo wake akavunjika nyonga.

Watu walipouliza nani alifunga, Baba Mdogo alisema, "Ni mkono wa Mzee, kabla hajalazwa. Alikuwa ameshachoka, tulimwonea haya kumwambia." Alisema hivyo kwa mwenye gari, akasema kwa mafundi, akasema mpaka kwenye kibanda cha chai. Na watu wakaamini, kwa sababu kweli Baba alikuwa mgonjwa. Baba aliporudi kutoka hospitali wiki mbili baadaye, alikuta jina lake limeshageuka. Bango la gereji nalo lilipakwa rangi upya, likabaki jina la Baba Mdogo peke yake.

Yule utingo alikuja kumwona Baba, akitembelea magongo. Yuko nasi leo na ameniruhusu niyaandike haya. Hakuja na matusi. Alikaa, akasema, "Mzee, naambiwa ni wewe. Nimekuja nisikie kwako."

Baba akamuuliza, "Tairi la akiba lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa chini ya bodi, Mzee. Ndilo tulilofunga kulivuta gari."

Baba akafumba macho. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai, na nilielewa palepale. Tairi lilikuwa mahali pake, kwa hiyo gari lile hakulifunga yeye wala hakulitoa yeye. "Pole sana, mwanangu," ndilo neno pekee alilomwambia, na akamuuliza kama anapata usingizi.

Utingo alipoondoka nilimjia juu. Nilimwambia, "Baba, sema basi! Nenda kwenye kile kibanda ukaseme!" Akanijibu, "Atasema mwenyewe. Nikisema mimi, nitakuwa nimemnyang'anya nafasi hiyo." Nilikasirika, na sijamaliza kukasirika. Baba alimsubiri rafiki yake tangu Juni ile mpaka mwaka ukaisha. Kila pikapu iliyopunguza mwendo nje ya geti ilimfanya ainue kichwa. Baba Mdogo, ambaye gereji yake iko umbali wa kusikia nyundo, hakuja. Alituma machungwa. Mama aliyapokea, akayaweka mezani, yakaoza pale, hakuna aliyeyagusa.

Kamati ya mazishi, kwa nia njema, iliniomba niandike kwamba marehemu "alistaafu kwa hiari mwaka 2023". Niliandika, nikasoma, nikafuta. Hakustaafu. Alisingiziwa na mtu aliyemshikia koti siku ya harusi yake. Nilimsomea Mama mstari huo nikitegemea ataniambia niulainishe. Akasema, "Uache. Ila usimtukane." Sijamtukana.

Baba alifariki dunia nyumbani, Jumapili tarehe 28 Aprili 2024, alfajiri, Mama akiwa amemshika mkono. Siku tatu kabla aliniita. Nilidhani amebadili mawazo, kwamba sasa atanipa ruhusa ya kusema. Akaniambia, "Lile tairi. Siku akija kulichukua, mkazieni nati kwanza. Yule ni mchomeleaji, hajui kukaza. Mwaka mzima anaendesha hivyohivyo." Alikuwa na hofu. Nawaambia kama nilivyomwona: mtu aliyeharibiwa jina alikuwa anakosa usingizi asije aliyemharibia akapata ajali.

Marehemu ameacha mke, watoto wanne, wajukuu saba na dada mmoja. Ameacha spana ndefu juu ya kabati. Na ameacha barazani, upande wa kulia wa mlango, tairi moja la akiba ambalo si lake.

Baba Mdogo, umeomba uwe miongoni mwa watakaobeba jeneza, na Mama amekubali. Shika upande wako. Ukimaliza, watu wote wa gereji watakuwa wamesimama hapa, na mwenye lile gari, na utingo. Kuna neno moja wanalolisubiri kwako, nalo halihitaji kipaza sauti. Kisha ulete pikapu nyumbani. Nitakaza nati zote, moja baada ya nyingine, kama Baba alivyonifundisha, halafu nitakupa tairi lako.

Yeye sasa amelala, na alale salama, hana tena geti la kutazama. Kukusubiri ametuachia sisi.