Vibao Kwenye Bustani ya Kocha Hruska

Mheshimiwa Mkuu wa Shule, Mchungaji wetu, walimu, wazazi, wachezaji mliovaa tai jioni hii kwa shida, na zaidi ya wote Kocha Duane Hruska na mkewe, Mama Lorna: nawasalimu kwa heshima. Supu mmekunywa, mikate ya mdalasini imekwisha, na sasa mnanitazamia mimi, mwenyekiti wa wapenzi wa timu, nimwage sifa za kumuaga kocha, tupige makofi, twende tukalale. Nisameheni. Sifa hizo niliziandika, lakini naona haya kuzisoma.

Ndugu zangu, nani hapa hajui tunavyowapenda walinzi wetu wa kati katika mpira huu wetu wa Kimarekani, wa kubebwa mikononi? Hapa Nebraska kijana hulishwa nyama ya ng'ombe mpaka shingo ipotee, kisha tunamsimamisha katikati ya uwanja ili mkimbiaji akija na mpira agonge ukuta. Watatu daima, kama enzi za baba zetu. Mwanangu Tanner ni mmoja wao, na shingo hana.

Wiki ile ya kucheza na timu ya Ardell, kocha alinikuta mkahawani. Akanambia, "Merle, wale jamaa hawakimbii na mpira, wanarusha. Wapokeaji wao ni wepesi mno. Nataka nimpumzishe Tanner, niingize dogo mmoja mwembamba mwenye mbio, awakabe." Nilivyomjibu mnakumbuka, maana mlikuwapo na mlicheka: "Duane, woga umeanza lini? Tunacheza mpira au tunafukuza kuku? Ukimtoa mwanangu, tafuta na wa kukununulia jezi!" Kocha akamaliza kahawa yake, akaenda zake.

Mchezo mliuona. Tanner alipewa kumkaba mpokeaji ambaye, akimgeukia huku, tayari yuko kule. Wakati wa mapumziko alimwomba, "Kocha, nitoe, huyu simuwezi." Haya kaniambia Tanner mwenyewe juzi, analia. Kocha akatazama jukwaani, akaniona nimesimama nakunja ngumi. Akamwacha uwanjani. Pasi ya mwisho ikapita juu ya kichwa cha mwanangu, na msimu wetu ukaishia hapo.

Redioni kocha akasema, "Kijana alifanya nilichomwagiza. Kosa ni langu." Je, nilishukuru kwamba amemsitiri mwanangu? Thubutu! Niliruka kitini nikasema, "Mnasikia? Kakiri mwenyewe!" Nyani haoni kundule, na nyani mwenyewe ndiye huyu aliyeshika kipaza sauti.

Kazi yangu ni kuuza nyumba. Asubuhi yake mlinijia mkitaka vibao vya "Nyumba Inauzwa", tumfanyie kocha ule utani wa mji wa kumwambia ahame timu ikishindwa, na mimi ndiye niliyewafungulia gereji. Tukavichomeka bustani yake nzima, kila kimoja kina picha yangu ninacheka. Mama Lorna akatoka na kandambili kuchukua gazeti, akatukuta. Hakututukana. Alituuliza tu, "Jamani, tumewakosea nini?" Tukaangua kicheko. Mama, aibu niliyo nayo mbele yako leo sijui niiweke wapi.

Sasa nyumba ile inauzwa kweli. Jumatatu wanahamia Wyoming, na sina uso wa kuwaomba wabaki. Kocha, ulikuwa sahihi kuhusu Ardell, ukabeba lawama ili mtoto wa mtu asisemwe, na mtu mwenyewe akakulipa kwa dhihaka. Nakuomba radhi. Ukinisamehe nitashukuru, usiponisamehe nitaelewa.

Lakini gereji nilifungua peke yangu, vibao sikuvibeba peke yangu. Wote tuliokuwa bustanini asubuhi ile tunajuana. Nawaomba msimame, mumtazame yeye na mkewe machoni, kabla hawajatoka ukumbini humu. Mimi nimeshasimama. Asanteni kwa kunisikiliza mpaka hapa. Sasa nawasubiri ninyi.