Mwalimu Munyiva Aaga

Kijiwe cha Satellite, mtaani Riruta, kiko nyuma ya steji ya matatu, kando ya kinyozi: ubao mrefu juu ya matofali, jiko la kahawa la Cate, na wanaume ambao serikali ingewasikiliza hata wiki moja, nchi nzima ingekuwa mbinguni au jela. Jumamosi hiyo ya mwaka wa 2006, aliyekalia mwisho wa ubao alikuwa Kivuva, mhariri, mpiga picha na msambazaji wa *Mwanga wa Riruta*, gazeti la kurasa nne linalotoka kila Ijumaa, mashine ya kuchapa ya River Road ikipenda. Alikuwa amekimbia kutoka nyumbani kwake. Jana gazeti lilitoka na kichwa kinene, MWALIMU MUNYIVA AAGA, na picha ya mwalimu katikati ya fremu nyeusi. Munyiva ni mke wake. Alikuwa amestaafu tu, ameaga shule aliyofundisha pale Kawangware tangu akiwa msichana. Lakini Nairobi mtu akiandikwa gazetini kwamba ameaga, watu hutafuta sufuria kubwa za matanga. Tangu asubuhi kwaya ya kanisa ilikuwa mlangoni ikiimba, na Munyiva alikuwa chumbani akipanga nguo kwenye sanduku. Jioni anaenda Mwala kwa dada yake, na hakusema atarudi lini. Kivuva alitaka kuandika masahihisho mazuri sana, akamsomee kabla hajaondoka.

— Kuaga ni kusema kwaheri, Kivuva alisema, karibu analia. Fungueni kamusi yoyote!

— Kamusi haiishi Satellite, akajibu Wachira, anayeitwa Bunge kwa sababu hakuna mjadala uliowahi kupita bila yeye kuupigia kura. Hapa mtu akiwa mzima anasema bai. Akiaga, ameaga.

— Na hiyo fremu nyeusi? Cate aliuliza, akimimina kahawa.

— Ni urembo.

— Urembo wa wapi, wa mochari?

Were akacheka mpaka akamwaga kikombe. Huyu wanamwita Daktari, maana aliwahi kusukuma machela katika hospitali moja ya Parklands, na tangu hapo anatibu kila kitu kwa mdomo.

— Mhariri, wewe una shoki, ule mshtuko wa hospitali, Daktari akasema. Na bibi yako pia ana shoki. Nimeona watu wakiletewa habari za vifo, lakini sijaona mtu akiletewa habari ya kifo chake na sukari kilo mbili juu yake.

— Si sukari tu, Cate akasema. Kina mama wa kikundi walibeba unga na majani chai. Alipofungua mlango, mmoja akaanguka hapo hapo kwa ngazi.

— Na yeye Munyiva alisema nini? Bunge akauliza.

Kivuva alikunja uso. Alikumbuka mkewe amesimama mlangoni na lile gazeti mkononi, macho makavu kabisa.

— Aliniambia, "Umeniandika vizuri." Basi. Akaenda kutoa sanduku juu ya kabati.

— Eish, Daktari akanong'ona. Hiyo vizuri ni mbaya.

Kivuva akatoa kalamu. Kwa gazeti alikuwa simba. Alishaandika juu ya diwani, juu ya taka, juu ya maji yanayokuja usiku na kukimbia asubuhi. Mbele ya mwanamke mmoja aliyenyamaza, hakuwa na neno hata moja.

— Tuandike hivi, Bunge akaamuru. "Mwalimu Munyiva hajaaga."

— Safi! Cate akasema.

— Safi wapi? Daktari akaruka. Mkisema hajaaga, mmesema bado yuko shule! Mwalimu mkuu atamwekea somo Jumatatu. Wale wa pensheni watauliza, huyu mama wiki jana amekufa, wiki hii hajastaafu, kwani ni watu wawili? Watafunga faili. Hapo ndipo ataaga kweli, kwa presha.

— Basi, "Ameaga lakini hajaaga."

— Hiyo ni mzimu, bwana!

— "Aliyeaga arudi."

— Hiyo ni ufufuo, kanisa litaleta hema na vipaza sauti. Utapata watu wamepanga laini kwako wakitaka kuguswa kichwa.

— Mimi naona hivi, Bunge akasema, sasa amesimama, mkono kifuani kama anayehutubia. Kosa si la Mhariri. Hili neno lilipangwa. Kuna watu wa magazeti makubwa mjini wanaogopa *Mwanga wa Riruta*. Wameliharibu neno aga miaka na miaka, polepole, kila tanzia, wakingoja siku huyu atalitumia vizuri, wamshike.

— Wakingoja Kivuva?

— Wakingoja Kivuva.

Kivuva, tuseme ukweli, alilipenda wazo hilo. Kwa dakika nzima alikaa akijiona mtu mkubwa anayewindwa na watu wakubwa. Kisha akaona jua limeanza kuegemea magharibi, upande wa Dagoretti. Ishirini na tano au zaidi, hiyo miaka ya ndoa, na nyumba isiyo na Munyiva ilikuwa kitu ambacho hata kukiwaza kulimtisha.

— Jamani, nisaidieni, akasema. Akifika Mwala harudi. Namjua.

Hapo akatokea mwanamke wa makamo, kajifunga leso nyeusi, kabeba mfuko wa mkate na maziwa.

— Hamjambo. Naomba kuuliza, nyumba ya matanga ya Mwalimu Munyiva ni wapi? Naitwa Nanyama, natoka Parklands. Alinifundisha darasa la tatu.

Bunge akajikohoza.

— Dada, keti kwanza. Hakuna matanga. Mwalimu yuko mzima, anapanga sanduku. Ni gazeti lilikosea neno.

Nanyama akaketi kwa kishindo kwenye ubao. Alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena na kufuta macho kwa ncha ya leso. Cate akampa kahawa bila kumdai.

— Asante Mungu, akasema. Huyo mama alinishika mkono akanifundisha kuandika jina langu. Nilikuwa naandika kinyume, wengine wananicheka. Yeye hakucheka.

— Mwandishi ndiye huyu, Daktari akasema, akimsukuma Kivuva kwa kiwiko. Na pia ndiye mume.

— Wewe! Nanyama akamgeukia kwa furaha, bila kinyongo hata chembe, akatoa gazeti mfukoni. Basi wewe ndiye utanisaidia. Nimelisoma lote, mara mbili, nikidhani zile ni sifa za marehemu. Mwalimu mkuu alivyosema, imo. Mjumbe wa diwani alivyosema, imo. Hata aliyekodisha viti ametajwa jina. Yeye mwenyewe, siku hiyo ya kuaga, aliwaambia nini?

Kivuva akaliinamia lile gazeti, akalipekua kwa macho kutoka juu hadi chini.

Kivuva hakuwapo kwenye sherehe. Mashine ya River Road ilikuwa imekwama siku hiyo, na habari yote aliinakili kutoka kwa ratiba ya sherehe, iliyochapwa pamoja na hotuba za wakubwa. Jioni Munyiva alirudi na maua mkononi, akasimama karibu na meza, bado amevaa nguo zake nzuri, akasema, "Baba Nzula, leo niliongea, unajua?" Naye akamjibu ngoja kidogo mama, natafuta kichwa cha habari. Alingoja. Kisha akaenda kuweka maua kwenye maji.

Aibu ilimpanda Kivuva mpaka masikioni.

— Sijui, akasema.

Nanyama hakuelewa. Aliendelea kumtazama, anangoja, gazeti limefunguka magotini. Kivuva alirudisha kalamu mfukoni, karatasi ya masahihisho akaiacha juu ya ubao, akashika njia ya nyumbani kwenda kumuuliza mwenyewe, akitembea haraka, na kutoka kijiweni bado walisikia ile kwaya ikiimba.