Hulugappa wa Kallur, Aliyeapa Mbele ya Taa

Ndugu, majirani, na ninyi mliokuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya mto, tunayemzika leo ni Hulugappa mwana wa Lakshmappa, mchezesha vikaragosi vya ngozi. Kabla hajafa alituonya wasifu wake usipakwe rangi. "Mkinisifu sana nitaamka niwakatize," alisema. Basi tutasema yaliyokuwa, na atakayeona uchungu atuvumilie, kwa sababu sisi pia tunauona.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1952, chini ya gari la ng'ombe, kando ya barabara iendayo Gangavathi, maana enzi hizo jamaa yetu hawakuwa na makao. Alikuwa mtoto wa pili wa Lakshmappa na Honnavva. Kijiji cha jirani kilikuwa kimewaita wacheze ili mvua inyeshe, kwa hiyo baba yake alimwangalia mtoto mara moja tu, akaenda kutundika pazia. Mvua ilinyesha. Wanakijiji wakasema ni kichanga kilichoileta. Honnavva, aliyelowa chepechepe pamoja na kichanga chake, alisema kama ni hivyo basi angeileta kesho yake.

Alisoma shule ya msingi ya Kallur kuanzia mwaka 1960, akaishia darasa la tatu, kwa kuwa kila msimu wa maonyesho baba yake alimpakia garini pamoja na vyungu. Hata hivyo shule haikumsahau. Mwalimu alipoita majina, Hulugappa aliitikia kwa niaba ya watoro wote, kila mmoja kwa sauti yake mwenyewe, na mwalimu, aliyekuwa na mazoea ya kuita bila kuinua macho, alifurahi kuona darasa limejaa. Siku alipoinua macho akakuta watoto wanne. Marehemu alichapwa vizuri sana, na alipenda kusimulia kwamba alilia kwa sauti ya mtoto mwingine.

Kazi aliirithi kwa baba, naye baba kwa babu. Kulainisha ngozi ya mbuzi, kuichora, kuitoboa matundu ya vito na macho, kisha kuishika nyuma ya pazia hadi mfalme Rama atembee na jitu Ravana atikise vichwa vyake vyote: hayo aliyajua kabla hajaota ndevu. Kikaragosi alichokipenda kuliko vyote kilikuwa Killekyata, yule mcheshi mweusi mwenye tumbo, mdomo mchafu, asiyemwogopa mfalme. Ukoo wetu unaitwa kwa jina lake. Sheria yetu inajulikana: taa ikishawashwa na mungu Ganesha akishapita nyuma ya pazia kubariki, linalosemwa pale ni neno. Mcheshi atatukana, atacheza, atajamba, lakini hadanganyi.

Mwaka 1974 alimwoa Durgavva, binti wa wachezeshaji wa upande wa Ballari. Durgavva aliimba sauti zote za wanawake. Alipolia kama Sita, mke wa Rama, wanaume wazima walijifanya wameingiwa na vumbi machoni. Walijaliwa binti mmoja, Yallavva, aliye hapa mbele yenu. Ndoa yao ilikuwa ya kelele na ya mapenzi. Durgavva alikuwa akimrekebisha katikati ya onyesho, nyuma ya pazia, na watazamaji wakidhani ni sehemu ya mchezo walikuwa wakicheka.

Ndipo serikali ikatuona. Sinema zilikuwa zimetunyang'anya watu, na mwaka 1986 idara yake ya habari ikaanza kuwaajiri wachezeshaji wapeleke habari vijijini: chanjo, vyoo, uzazi wa mpango. Marehemu alifurahi, tusiseme uongo. Alipewa cheti, akavishwa shali jukwaani, akaambiwa yeye ni urithi wa taifa. Killekyata akaanza kuchanjwa, akachimba choo akatumbukia, watu wakacheka na wakaelewa. Kazi hiyo aliifanya kwa moyo wote.

Mwaka 2003 habari aliyopewa ilikuwa pensheni ya wazee. Alitunga mchezo wa Killekyata kumbeba mama yake mgongoni hadi ofisi ya baraza la kijiji, na mama akarudi anacheza kwa miguu yake. Alikwenda nao hadi Bennehalli. Huko, katikati ya mchezo, bibi mmoja mjane aitwaye Sannamma alisimama mbele ya watu wote.

"Wewe Killekyata! Unasema kweli, au unanichekesha tu?"

"Bibi, mimi na wewe nani mzuri zaidi?"

"Mimi. Usinizungushe, nijibu."

Na marehemu, kwa sauti ya mcheshi, taa ikiwaka, alijibu: "Kama nimekudanganya mbele ya taa hii, nitupwe mtoni, mimi na ukoo wangu wote!"

Watu walicheka hadi wakashikana. Sannamma aliketi ameridhika.

Bibi huyo alikuwa na mwana Mumbai, kibarua wa ujenzi, aliyekuja mwezi uleule kumchukua. Alikataa kwenda. "Serikali inanilea hapahapa nyumbani kwangu, Killekyata ameapa," ndivyo alivyomwambia. Mwana akarudi peke yake. Baraza likalifuta jina la Sannamma, kwa kuwa kanuni haikumpa pensheni mjane mwenye mtoto wa kiume mtu mzima. Hilo marehemu hakuambiwa na waliomtuma. Bibi aliendelea kwenda ofisini, akaambiwa aje kesho, akaja kesho. Kiangazi cha mwaka 2005 majirani walivunja mlango wakamkuta amekufa, na chunguni hamna hata unga wa mtama.

Marehemu aliyapata hayo kisimani Bennehalli, alipopita kuomba maji. Mwanamke aliyekuwa akiteka alimtambua.

"Karibu, mjumbe. Bibi alikungoja sana."

"Bibi gani, dada?"

Akaelezwa. Hakunywa yale maji. Alifika nyumbani, akalifungua sanduku la vikaragosi, akaanza kuwapaka manjano, mmoja mmoja, kama tuwapakavyo wale waliochakaa tunapowaaga mtoni. Durgavva aliingia akamkuta.

"Baba Yallavva, huyo Hanuman ni mzima. Unafanya nini?"

"Niliapa."

"Ule ulikuwa utani! Tangu lini mcheshi akaapa?"

"Taa ilikuwa inawaka, mama Yallavva."

"Haya, mtupe huyo Killekyata mwenye mdomo wake. Rama amekosa nini? Sita wangu amekosa nini?"

"Walikuwa pazia moja. Nilisema ukoo wote."

"Walioweka ile kanuni mbona hawatupi kitu mtoni?"

Yeye akaendelea kupaka manjano. Durgavva alilia, akamwita mwendawazimu, akaita wazee wa ukoo. Wazee walikaa, wakajikuna vichwa, wakasema neno la mbele ya taa hawana uwezo wa kulifuta. Mwishowe ni Durgavva aliyeshika upande wa pili wa sanduku. Walikwenda mto Tungabhadra, wakawaweka majini vikaragosi wa babu, wa baba na wake mwenyewe. Killekyata aliwekwa mwisho. Ole wetu, jamani. Maji yalikuwa machache mwaka ule, na wengine walikwama kwenye mawe ya karibu, ikabidi marehemu aingie awasukume kwa mikono yake.

Tangu siku hiyo alipasua mawe kwenye machimbo, na msimu wa harusi alipigia wengine ngoma. Durgavva aliimba jikoni kwa muda, kisha akaacha. Alifariki mwaka 2009. Mtu aweza kufa kwa homa, na madaktari waliandika homa, lakini sisi tuliokula naye tunajua alianza kufa pale mtoni.

Mwaka 2012 ilitangazwa pensheni ya wasanii wazee. Marehemu hakuitaka, Yallavva alimburuta hadi mjini mbele ya kamati.

"Mzee, vikaragosi vyako viko wapi?"

"Mtoni."

Wakacheka. "Sasa tutajuaje kama wewe ni msanii?"

Marehemu alifumba macho akaanza kuimba kuingia kwa Ganesha. Aliimba vizuri, wahudumu walisimama mlangoni. Bwana wa katikati aliinua mkono. "Inatosha, mzee. Tunakagua vifaa, hatukagui koo."

Njiani Yallavva alisema kwa hasira: "Tuazime kwa binamu, baba. Siku moja tu. Waone, waandike, tuvirudishe."

"Niwaonyeshe vya mwenzangu niseme ni vyangu? Nimeshaua mtu mmoja kwa uongo, mwanangu. Mmoja ananitosha."

Hilo ndilo alilolibeba hadi mwisho. Tulimwambia alitumwa, hakujua, kanuni si yake. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema sauti ilikuwa yake. Yallavva alipoomba kufundishwa nyimbo, alikataa. Alisema hataki mtu mwingine wa damu yake aaminiwe na watu. Binti huyu anazijua zote, alizisikia tangu tumboni mwa mama yake, ila hajawahi kuziimba mbele ya baba.

Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka 2018, kidonda cha mguu kikafuata. Tulipomwambia kuna kadi ya serikali ya matibabu, alicheka kweli kweli, kicheko cha zamani. "Kadi za namna hiyo nilizitangaza mwenyewe vijiji arobaini. Niachieni mguu wangu." Mguu ulikatwa mwaka 2021, na baada ya hapo hakutoka kibarazani. Alikata tamaa, hatuna namna nyingine ya kusema. Alifariki nyumbani Kallur, jana, Alhamisi tarehe 16 Machi 2023, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini.

Aliacha ombi moja: akifa, watu wa Bennehalli waitwe, na mbele yao isomwe kwamba Hulugappa alikosa na anaomba radhi kwa ajili ya Sannamma. Yallavva alikwenda mwenyewe jana asubuhi, macho yamevimba. Aliuliza nyumba ya Sannamma. "Sannamma yupi?" wakamwuliza. Palipokuwa na nyumba yake pamejengwa duka la mbolea. Mwanawe hajulikani aliko. Kati ya aliowauliza, hakuna aliyekumbuka bibi aliyekufa njaa, wala mcheshi aliyeapa. Kile alichoupelekea mtoni ukoo wake wote wa vikaragosi, wenyewe wa Bennehalli walikuwa wamekisahau.

Alipokuwa akiondoka, ajuza mmoja alimwita kutoka kibarazani. "Wewe si binti wa yule wa vikaragosi?"

"Ndiye mimi, nyanya."

"Mwambie Killekyata jina langu la pensheni bado halijatoka. Nakwenda kila mwezi. Alisema litatoka."

 Yallavva alitusimulia kwamba alifungua mdomo amwambie ukweli, amwambie aache kungoja, akamwona ameshika kikaratasi cha maombi alichopewa na baraza kwa mikono miwili. "Nitamwambia, nyanya," akajibu, akarudi nyumbani kumwosha baba yake.

Marehemu ameacha binti, Yallavva, dada, Gangavva, wapwa, na wajukuu wa dada. Hakuacha kikaragosi.

Apumzike kwa amani Hulugappa mwana wa Lakshmappa, na huko aliko asitumwe tena na mtu.