Kifuko cha Udongo wa Havyarimana

Kando ya kitanda cha Mzee Telesphory walikuwapo Gervasi, mwanawe wa kwanza. Verediana, binti aliyeolewa Mwandiga. Na Selina, bibi shamba wa kata, mzaliwa wa Same. Katekista Feliksi hakuwapo: tangu alfajiri alikuwa amekwenda kambi ya wakimbizi kwa baiskeli kumleta Havyarimana. Mzee alitamka majina yao moja moja, akaomba mlango uachwe wazi, akaanza.

"Sikilizeni, wanangu. Tangu jana nausikia udongo ukinong'ona chini ya kitanda hiki, kama waumini kabla padri hajaingia, wala siogopi. Mnalijua shamba letu la bondeni, hapa Kalinzi. Mwaka 1994 lilikuwa limechoka, maharage yanaota ya manjano. Asubuhi moja nikamkuta Havyarimana, mkimbizi wa Burundi niliyempa kibarua, anamwaga udongo wa kwao kutoka kwenye kifuko cha kitambaa, kama walivyofanya baba zake kila walipofungua shamba jipya. Nikapiga yowe kwamba ananiroga. Fimbo iliyompiga ilikuwa yako, Gervasi, lakini yowe lilikuwa langu.

Miaka minne baadaye Selina akaleta pakiti za unga mweusi, mbolea ya vijidudu, tukapaka mbegu, maharage yakakubali. Lakini pale kwenye kona ya Havyarimana, ambako hatukupaka kitu, niling'oa shina nikakuta mizizi imejaa vinundu, vyekundu ndani kama vile vya mbegu za pakiti. Nikamwuliza Selina, akacheka: 'Mzee, pakiti yangu na kifuko chake ni ndugu!' Akanieleza kwamba udongo una wenyeji wake wasioonekana. Wageni wakiingia wenyeji huyumba msimu mmoja au miwili, wengine hupungua, kisha hurudi wakakaa pamoja. Na mgeni asipolishwa hufa njaa. Udongo wangu ulimpokea mgeni. Mimi nilimfukuza.

Basi msichome mabua, yafukieni. Tieni samadi kwanza, pakiti baadaye. Na nusu ya bondeni, toka kwenye migomba hadi mtoni, ni ya Havyarimana. Nitamwambia mwenyewe. Sitaki shukrani yake, nataka nisikie kwa masikio yangu kwamba amenisamehe. Akiingia, Gervasi, simama, mwamkie shikamoo, umpe kiti changu.

Verediana, maji… kidogo. Mungu awafanye… laini, wanangu, kama ardhi baada ya… Nyamazeni. Hiyo si baiskeli?"

Ilikuwa baiskeli. Feliksi aliiegemeza ukutani, akaingia peke yake, kofia mkononi.

Havyarimana alikuwa amefariki kambini Jumapili iliyopita.