Bi Riyama Mkadam, Bibi Shamba wa Soya (1968–2025)

Bi Riyama Mkadam Jaku, tuliyemzika juzi Mwanakwerekwe na ambaye leo tunamsomea hitma, alizaliwa Jang'ombe tarehe 3 Agosti 1968, mtoto wa nne wa Mzee Mkadam Jaku, fundi cherehani, na Bi Mwanapili Kificho. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na watu kumi na mmoja. Mwenyewe akisema hapo ndipo alipojifunza kwamba wakibanana sana, hakuna anayenenepa.

Alisoma chuo cha Kurani na skuli hapo hapo mtaani, akamaliza kidato cha nne mwaka 1986, kisha akasomea kilimo Kizimbani na baadaye Morogoro. Mwaka 1992 aliajiriwa bibi shamba, Mkoa wa Kaskazini Unguja.

Tarehe 17 Juni 1995 aliolewa na Bwana Amour Nahodha, seremala wa Mji Mkongwe. Bwana Amour husimulia kwamba hata penye sinia la pilau mkewe alikuwa akiwasogeza wageni: "Jamani, mwachieni mwenzenu apumue."

Lipo jambo ambalo marehemu aliusia lisifichwe. Masika ya mwaka 2012 alipeleka soya Upenja, akawapa akina mama kipimo cha karatasini: mistari karibu karibu, shimo kila baada ya kiganja. Alichosahau kuuliza ni mbegu ngapi zinaingia shimoni. Kumbe wenyewe kwa desturi yao hutia nne: ya kunguru, ya panya, ya mdudu na ya mwenye shamba. Mwaka ule hakuja kunguru wala panya. Mvua zilikuwa nzuri, mbegu zote zikaota, soya ikarefuka kwa kugombania jua, ikalala chini na maganda yakaoza. Bi Sichana Masoud, aliyeng'oa muhogo wake ili apande, hakupata hata pishi moja.

Bi Riyama alisimama shambani mbele ya wote. "Kosa langu. Nlipima mashimo, mbegu sikuuliza."

"Samahani yako nnaisikia, bibi shamba," Bi Sichana alimjibu. "Lakini wanangu hawali samahani."

Neno lile lilimkaa rohoni. Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja kubwa, Bi Sichana apande tena soya na avune.

Alianza vipande vya majaribio, Upenja penye udongo mzito na Matemwe kwenye maweni penye udongo haba, masika na vuli, akipima mwenyewe kwa kamba. Aliona kwamba penye rutuba na mvua nyingi soya hutaka nafasi itanue matawi. Ikichelewa kupandwa hubaki fupi, basi mistari isogezwe karibu. Na kwenye maweni makavu, mashina mengi hunyang'anyana maji, yakateseka yote. Kila mavuno alimwalika Bi Sichana aje aone. Miaka kumi na miwili Bi Sichana hakutia mguu.

Mwaka 2023 Bi Riyama alianza kuugua figo. Machi mwaka huu, Bi Riyama akiwa kitandani, Bi Sichana alituma watu kuomba mbegu. Shadya, binti wa Bi Riyama, alizipeleka pamoja na maagizo ya mama yake: nusu mita mstari hadi mstari, mbegu mbili shimoni. Tangu hapo mgonjwa hakuwa na utulivu. "Ikiharibika mara ya pili," alisema, "ntakwenda na deni la mtu."

Jumamosi iliyopita Bi Sichana alikuja hospitali, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Bi Riyama, kipimo chako sikukifata."

"Umefanyaje?"

"Mbegu nlitia mbili, kama ulivyosema. Lakini mvua zilichelewa, nkaona hii haitorefuka, mistari nkaisogeza karibu. Nshavuna magunia matatu."

Bi Riyama alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini. "Ungenifata mie ungepata mawili," alisema. "Alhamdulillahi. Mnajua bila ya mie."

Alifariki alfajiri ya Jumatatu, tarehe 28 Julai 2025, uso wake mkunjufu. Vuli hii Bi Sichana ndiye atakayewaongoza wenzake kupanda.

Ameacha mume, Bwana Amour. Watoto watatu, Suhail, Shadya na Salhiya. Wajukuu wanne, na kaka yake, Bwana Haitham.

Mola ampanulie kaburi lake, alitie nuru, na ampe humo mapumziko ya amani. Amin.