Miaka Ishirini na Minne Kando ya LaVonne Eidsmo

Tarehe 30 Novemba 2026, Mheshimiwa LaVonne Eidsmo, wakili wa mji wa Halvard na mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la jimbo letu hapa Bismarck, anastaafu baada ya kuitumikia wilaya yetu kwa miaka ishirini na minne. Kamati ya sherehe ilitaka wasifu wake uandikwe na mtu anayemfahamu kuliko wote, ikamchagua Delbert Vetsch, wakili mwingine wa Halvard na mjumbe mwingine wa wilaya hiyo hiyo, ambaye dawati lake limegusana na la LaVonne tangu siku ya kwanza. Mwandishi alikubali kabla hajafikiria.

LaVonne alizaliwa mwaka 1955 katika shamba la ngano kaskazini mwa mji, mtoto wa tano kati ya sita. Alisomea sheria chuo kikuu mjini Grand Forks, akarudi nyumbani mwaka 1981 na kufungua ofisi kando ya posta. Halvard ni mji wa watu mia nane. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na zizi hilo lilikwisha kuwa na fahali mmoja, mwandishi mwenyewe, aliyefungua ofisi yake miezi saba kabla, mkabala na posta, chini ya kibao kikubwa zaidi. Kibao hicho bado kipo. Watu hujikinga na upepo chini yake wanapomsubiri LaVonne amalize na mteja aliye ndani.

Uwakili wake haukuwa wa kelele. Aliandika wosia za wakulima jikoni mwao, kati ya kahawa na keki, na alikumbuka ng'ombe wa nani ana ugomvi na uzio wa nani. Ndugu wawili wa ukoo wa Opdahl waligombania mstari wa miti ya kuzuia upepo kwa miaka tisa. Mkubwa alikuwa mteja wa LaVonne, mdogo alikuwa wa mwandishi, na mwandishi alikuwa ameandaa hoja za kurasa arobaini. Wiki moja kabla ya kesi, katikati ya Februari, LaVonne aliwapakia wote kwenye pikapu yake mpaka penye miti ile, akazima injini na kusema hataiwasha mpaka waelewane. Mwandishi alikuwemo pia, maana kanuni za mawakili zinataka hivyo, amebanwa kiti cha nyuma na kurasa zake. Ilichukua dakika ishirini. Mteja wa mwandishi alimpa mkono kwa heshima.

"Asante kwa kuja, Delbert," alisema. "Hivi, huyu mama ana kadi yenye namba yake?"

Mwaka 2002 wote wawili waligombea Baraza. Wilaya yetu huchagua wajumbe wawili kwa mpigo, kila mpiga kura akitia alama kwenye majina mawili, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kumshinda mwenzake. LaVonne aliibuka wa kwanza, mwandishi wa pili. Ikawa hivyo mwaka 2006, na 2010, na kila uchaguzi uliofuata. Kwa anayependa kuhesabu, na mwandishi anapenda, ni mara sita. Mwaka 2010 tofauti ilikuwa kura kumi na nne tu, na mwandishi alimwendea mama yake mzazi, aliyekuwa na miaka themanini na mbili, akamuuliza alivyopiga.

"Nilimpigia LaVonne," alisema mama.

"Na mimi?"

"Wewe nilijua utapita tu, mwanangu."

"Mama, karatasi ina nafasi mbili."

"Naijua karatasi. Kunywa supu, inapoa."

Barazani LaVonne alipitisha miswada thelathini na moja, ikiwemo ile ya shule ndogo kugawana walimu. Kila Jumatatu ya kikao alileta sinia la mikate ya karameli, na wapinzani wake wakala kwanza. Mwaka 2009 mwandishi naye alileta mikate ya mkewe. Watu walimuuliza kama LaVonne anaumwa.

Wasifu wa LaVonne hauwezi kukamilika bila mswada wake wa kwanza, ambao wengi wenu mmeshasikia ukisimuliwa. Barazani tuna desturi isiyoandikwa popote. Mjumbe mpya anapoleta mswada wake wa kwanza, wenzake wote hubonyeza kitufe chekundu. Ubao mzima huwaka nyekundu, mgeni hupauka, watu hucheka, kisha wanaomuunga mkono hubadilisha kuwa kijani kabla Spika hajafunga kura. Anayetaniwa hivyo ameshapokelewa. Mswada wa kwanza wa mwandishi ulihusu alama za visima vilivyoachwa, na ulipita moja kwa moja kwa taa tisini na nne za kijani. Hakuna aliyejisumbua kumtania. Alirudi kitini kama mtu aliyeingia harusini na asiambiwe karibu.

Siku nne baadaye, Februari 2003, ikawa zamu ya LaVonne. Mswada wake ulihusu magari ya wagonjwa yanayoendeshwa na watu wa kujitolea. Wakati huo, gari la kaunti moja halikuruhusiwa kuvuka mpaka bila kuombwa rasmi. Majira ya baridi yaliyotangulia, mkulima wetu Alvin Stroh alikuwa amefariki akisubiri gari linalotoka maili thelathini na nane, ilhali jingine lilikuwa maili sita, ng'ambo ya mpaka. Mjane wake, Ardis, alikuwa amekaa juu kwenye roshani ya wageni, koti likiwa mapajani. Makamishna wa kaunti hawakuutaka mswada ule, na wajumbe arobaini na sita walikuwa upande wao, tena kwa dhati. Zilihitajika kura arobaini na nane.

Ubao ukawaka wote nyekundu, isipokuwa taa moja ya LaVonne. Ukumbi ukacheka mpaka Spika akafuta macho. LaVonne naye akacheka.

Hapa mwandishi anaomba ruhusa ya kusema "mimi".

Nilimwonea wivu. Sina neno jingine la adabu. Watu wale wale ambao siku nne nyuma hawakunitazama, walikuwa wanamtania kama dada yao. Wakaanza kubadilisha, taa moja baada ya nyingine, na mimi nikawa nahesabu. Arobaini na tano. Arobaini na sita. Arobaini na saba. Iliyobaki ilikuwa yangu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kijani, na kwa sekunde tano hivi nilitaka, mara moja tu, LaVonne Eidsmo akose kitu. Spika akafunga kura. Mswada ukaanguka.

Kicheko kilikatika. Kiongozi wa chama chetu aligeuka.

"Delbert, umelala?"

LaVonne alitazama mkono wangu, kisha uso wangu. Amekaa na watu wenye hatia miaka mingi, anawajua.

"Kitufe chake kimekwama," alisema kwa sauti, safu tatu za nyuma zikasikia. "Nimekiona mwenyewe."

Kisha akainama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

"Anayeomba kura irudiwe lazima awe wa upande ulioshinda," aliniambia polepole. "Wale arobaini na sita hawataomba. Umebaki wewe. Leo umeshinda, Delbert. Si ndicho ulichokuwa unataka?"

Kesho yake asubuhi nilisimama, nikasema kitufe changu kilikwama, nikaomba kura irudiwe. Mswada ulipita kwa arobaini na nane dhidi ya arobaini na sita. Fundi akaja, akafungua dawati langu, akasema kitufe hakina kasoro yoyote.

"Kibadilishe hivyo hivyo," LaVonne alimwambia.

Tangu hapo, kila sherehe, amekisimulia kisa cha kitufe cha Delbert kilichokwama. Watu hucheka, nami hucheka nao. Na kila aliposimulia walizidi kumpenda, nami nikazidi kumwonea gere, hata kwa uongo alionisitiri nao. Sijui kama mtu anaweza kushuka chini zaidi ya hapo.

Kwa kawaida mstaafu huletewa wasifu wake ahakiki tarehe. LaVonne aliurudisha siku ya pili, umerekebishwa kwa penseli kama mswada. Nilikuwa nimeandika mtoto wa nne. Akaweka wa tano. Sehemu yote niliyosema "mimi" aliipiga mstari, na pembeni akaandika: Kitufe kilikwama.

Nilimpigia simu.

"Nina miaka sabini na mbili," nilimwambia. "Ardis atakuwa kwenye sherehe, kiti cha mbele. Nataka ajue."

"Ardis anajua," alisema LaVonne.

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia mtu. Alikuwa roshani, Delbert. Ukikaa kule juu unaona mikono ya watu wote. Aliniuliza siku ile ile, kwenye ngazi. Nikamwambia subiri mpaka kesho. Na bado amekupigia kura mara zote tano tangu siku ile. Mimi wa kwanza, wewe wa pili. Ananiambia kila uchaguzi."

Miaka ishirini na minne nimeinung'unikia nafasi ya pili, kumbe mwanamke ambaye karibu nimnyime sheria ya marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akiniwekea alama pale, akijua. Marekebisho ya LaVonne juu ya tarehe nimeyakubali. Yale mengine nayapigia kura ya hapana, na maneno yangu aliyoyafuta yanarudi kama mnavyoyasoma.

Mwezi huu nimechaguliwa wa kwanza. Hukuwemo kwenye karatasi, LaVonne, na ushindi huo haukunipa hata hamu ya kula. Nakuonea wivu hata mapumziko yako, na wajukuu, na jinsi Halvard itakavyoendelea kukusubiri chini ya kibao changu. Kwa niaba ya wilaya na Baraza zima, asante kwa sheria thelathini na moja, kwa mikate, na kwa uongo mmoja. Upumzike vyema na uishi miaka mingi yenye heri.

Januari atakuja mjumbe mpya kwenye dawati lako. Mswada wake wa kwanza ukifika nitabonyeza nyekundu pamoja na wote, nicheke, halafu nibadilishe mapema.